Mmea Utambaao na Maji ya Chupa
(Maneno kwa kamati za sharika, Kigoma)



Tunapowatembelea washarika, kutoka Mwanga hadi Ujiji, sebuleni tunaukuta ule mmea utambaao, pothosi, wenye majani ya kijani na madoa ya manjano. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, Bahari ya Pasifiki. Hautaki jua kali, na kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuotesha mwingine. Ndiyo maana akina mama wanagawiana bila kulipana senti.

Hoja yetu ni chupa. Wengi huuweka katika maji na kuuacha humo miezi mingi. Humo huzaliana mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Mbu wa malaria hupenda madimbwi ya nje na huuma usiku, na chandarua tunacho. Lakini chandarua hakimsaidii mtoto anayecheza sebuleni saa nne asubuhi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, nasi tunasafiri huko daima.

Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hugandamana na chupa na hustahimili ukavu kwa miezi, hivyo isuguliwe kila wiki. Afadhali zaidi, mizizi ikitoka, uhamishieni kwenye udongo, katika kopo lililotobolewa chini, mwagilieni udongo wa juu ukikauka. Ning'inizeni juu, maana utomvu wake huunguza kinywa cha mtoto, hata cha mbuzi.

Tunaomba kazi ianzie ofisi za sharika, ambako chupa hizo hazikosekani.