BEI YA KUTANGAZA NYUMBA INAYOUZWA

(Mazungumzo mbele ya makatibu wa vyama wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya bei ya nyumba. Pengine wako watakaouliza jambo hili lahusianaje na ushirika, ambao kazi yake ni mazao, pembejeo, akiba na mikopo. Linahusiana sana. Mwanachama anapouza nyumba yake, mara nyingi huuza kwa sababu ya deni, ugonjwa au ada za watoto, na deni hilo huenda likawa la chama chake mwenyewe. Jasho la miaka kumi laweza kupotea kwa neno moja alilolitamka siku ya kwanza, yaani bei aliyoitangaza.

Wauzaji wengi hupanga bei kwa njia tatu, nazo zote hupotosha. Wa kwanza hujumlisha saruji, mabati na ujira wa fundi. Wa pili hutazama deni lake na mahitaji yake. Wa tatu hufuata neno la dalali. Lakini mnunuzi halipi jasho letu wala hafuti madeni yetu. Yeye huilinganisha nyumba yetu na nyingine anayoweza kuipata kwa fedha zile zile.

Hivyo basi, yatupasa kuuliza bei zilizolipwa, wala si bei zinazotajwa vijiweni. Tuchukue mfano. Nyumba tatu za jirani, zenye ukubwa ulio sawa na wa yetu, ziliuzwa katika mwaka uliopita kwa shilingi 38,000,000, 40,000,000 na 42,000,000. Wastani wake ni shilingi 40,000,000. Kutoka hapo tutazame tofauti. Je, ina hati miliki, au ni karatasi ya mauziano tu? Gari lafika mlangoni? Kuna maji na umeme? Mvua za masika huacha maji uani? Je, imo ndani ya hifadhi ya barabara? Kila jibu hupandisha bei au huishusha.

Mnunuzi wa kwetu hutarajia kupunguziwa. Kwa hiyo mwenye nyumba hiyo aweza kutangaza shilingi 43,000,000, huku akiwa ameandika nyumbani kwake bei ya mwisho, tuseme 39,000,000. Bei hiyo aipange pamoja na mwenzake wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mnunuzi mwenye busara huogopa nyumba yenye ugomvi.

Akitangaza 60,000,000 kwa kuwa ndizo anazozihitaji, wanunuzi wenye fedha mkononi watakuja siku za mwanzo, watasikia bei, nao watakwenda kwingine. Baada ya miezi kadhaa atapunguza, na hapo watu watauliza nyumba hiyo ina kasoro gani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini nyumba njema yenye bei mbaya nayo hujitembeza. Mwisho deni humbana, akauza kwa 34,000,000. Na yule mwenye pupa anayetangaza 28,000,000 atauza siku hiyo hiyo, kisha ashuhudie mnunuzi akiiuza tena kwa faida ambayo ingekuwa yake.

Dalali naye apatane na mwenye nyumba juu ya ujira wake mapema, na kwa maandishi. Dalali anayeongeza cha juu kwa siri huipandisha bei mwenye nyumba asijue, na wanunuzi hukimbia. Tena, penye wakulima wengi, nyumba itangazwe baada ya mazao kulipwa, si wakati wa palizi ambapo mifuko ni mitupu.

Sasa nawageukia Makatibu. Chama kinapouza nyumba iliyowekwa rehani, chenyewe ndicho muuzaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 133, humtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana. Bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake, hadi athibitishe vinginevyo. Katika mfano wetu, hiyo ni shilingi 30,000,000 au pungufu. Mwanachama aliyenyang'anywa nyumba kwa bei ya kutupa aweza kukishtaki chama, na hata asiposhtaki, jirani zake hawatakiamini tena.

Kwa sababu hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza, kabla ya kumwita dalali wa mnada, mdaiwa apewe muda wa kuuza mwenyewe kwa bei iliyopimwa, na ikiwezekana kwa ushauri wa mthamini aliyesajiliwa. La pili, kila chama kiwe na daftari la bei halisi za nyumba zilizouzwa katika eneo lake: mwezi, ukubwa, aina ya hati na fedha iliyolipwa, bila majina. Daftari hilo halina gharama kubwa, nalo litamfaa mwanachama siku atakapofika ofisini akiwa na shida na asijue aseme bei gani.