ARDHI NI YA NANI, NA THAMANI YAKE NI YA NANI?

(Mazungumzo yaliyotolewa Tumbi mbele ya waliosoma zamani na wanafunzi wa sasa)



Nimeambiwa nizungumze juu ya kazi yangu, nami kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mthamini wa ardhi. Kazi hiyo watu wengi hawaijui mpaka siku mthamini anapoingia shambani mwao na daftari, na siku hiyo mara nyingi si siku ya furaha. Sikuja kuisifu. Nimekuja kuwaeleza swali moja nililoulizwa na mzee mmoja, ambalo sikuweza kulijibu siku ile.

Ilikuwa mwaka 1982. Nilikuwa nimemaliza Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, na nilifurahi nilipoambiwa kuwa kazi yangu ya kwanza ya fidia itakuwa Kibaha, karibu na shule niliyosoma. Mamlaka moja, ambayo sitaitaja, ilihitaji eneo kwa ajili ya viwanja. Katika eneo hilo palikuwa na mashamba ya wazee, Wazaramo wengi wao, na mashamba yenyewe mnayajua: mikorosho, minazi michache, miembe, na muhogo chini yake. Baadhi ya wazee hao walikuwa wakituuzia maembe sisi wanafunzi tulipokuwa tukitoroka siku za Jumamosi. (Mkuu wa Shule anisamehe, adhabu zake nilikwisha kuzipata.)

Nilifika kwa mzee mmoja asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza shabaha ya safari yangu, kisha tukazunguka shamba pamoja. Nilihesabu mikorosho 43, minazi 11, miembe mitatu, na nyumba moja ya udongo. Kila mti ulikuwa na bei yake katika orodha niliyopewa: mkubwa unaozaa bei hii, mdogo bei ile. Nilipomaliza nikamwomba aweke dole gumba chini ya karatasi. Akaniuliza, "Mwanangu, miti umeihesabu yote?" Nikasema yote. Akasema, "Mbona hukuhesabu mahali iliposimama?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nilimwambia kwamba kwa sheria yetu ardhi tupu haina thamani. Kinacholipwa ni jasho la mtu, yaani maendelezo aliyoyaweka juu yake. Mzee akatazama chini kitambo, akaweka dole gumba. Alikuwa mtu wa heshima, na mimi nilikuwa mtu wa Serikali.

Sasa, vijana, msidhani kwamba sheria ile ilitungwa na watu wabaya. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlielewe.

Waingereza walipotunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika mwaka 1923 waliiga mfano wa Nijeria ya Kaskazini. Ardhi yote ikatangazwa kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuitumia tu. Ilibaki sehemu ndogo ya umiliki huru, iliyotokana hasa na enzi ya Wajerumani. Sheria hiyo ilimpa Gavana nguvu kubwa. Mwaka 1951 watu wa Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea wenzake. Hata hivyo, hapakuwa na soko huria la kumfanya mkulima wa kawaida auze shamba lake na kubaki mikono mitupu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikapendekeza Waafrika nao wapewe umiliki huru, waweze kununua na kuuza. Mwalimu Nyerere akapinga. Mwaka 1958 aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akieleza kuwa ardhi ni kipaji cha Mungu kwa watu wote, na mtu anachoweza kudai kuwa ni chake ni kile alichokitolea jasho. Aliona kwamba ardhi ikifanywa bidhaa katika nchi ya maskini, wenye fedha wachache wataishika yote, na wengine watakuwa wapangaji katika nchi yao. Tulipopata uhuru, Sheria ya mwaka 1963 ikageuza umiliki huru kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi chini ya Rais. Mwaka 1967 ilikuja Sheria ya Utwaaji Ardhi, na ndiyo niliyokuwa naitumia shambani kwa yule mzee.

Fikra hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Mwalimu alisoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952, na wakati huo huko Uingereza ugomvi mkubwa wa siasa ulikuwa huo huo: thamani ya ardhi ni ya nani? Baada ya vita miji yao ilikuwa imebomolewa kwa mabomu. Serikali ya chama cha Labour ilijua kwamba pale itakapopeleka barabara, maji na nyumba mpya, bei ya ardhi itapanda, na mwenye shamba atatajirika akiwa amelala. Kwa hiyo mwaka 1947 walitunga sheria ya mipango ya miji na vijiji. Tangu hapo mwenye ardhi hakuwa tena na haki ya kujenga atakavyo. Ilimbidi apate kibali, na ongezeko lote la thamani lililotokana na kibali hicho, yaani asilimia 100, alitakiwa kulilipa Serikalini. Wenye ardhi watakaopata hasara walitengewa mfuko wa pauni milioni 300.

Matokeo yalikuwaje? Wenye ardhi walikataa kuuza. Walikaa juu ya viwanja vyao wakisubiri serikali ibadilike. Chama cha Conservative kilirudi madarakani mwaka 1951, na mwaka 1953 kikafuta malipo yale. Labour waliporudi wakajaribu tena kwa sheria ya mwaka 1967, safari hii asilimia 40. Wapinzani wao wakaifuta mwaka 1971. Wakajaribu mara ya tatu mwaka 1975 na 1976. Navyo vikafutwa mwaka 1980 na 1985. Kibali cha kujenga ndicho kilichobaki hata leo, lakini lile ongezeko la thamani likabaki zaidi mikononi mwa mwenye ardhi. Wazo lao lilikuwa zuri. Lakini kila aliyekuwa na subira na kiwanja alijua kwamba akingoja atashinda.

Ndugu zangu, sisi hatukuwa na mabadiliko ya namna hiyo. Sheria yetu ilisimama imara. Lakini ngojeni niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu.

Miti ile niliyoihesabu ililipwa. Mzee alipata fedha za kununua mabati kiasi, akahamia kwa mwanawe upande wa Kisarawe. Shamba likapimwa, likakatwa viwanja, na viwanja vikagawiwa kwa ada ndogo. Ada ilikuwa ndogo kwa sababu ile ile: ardhi tupu haina thamani. Wengine waliopewa walijenga. Wengine walisimamisha nguzo nne na kuchimba msingi, kisha wakauza. Kwa karatasi waliuza msingi, maana kuuza ardhi tupu haikuruhusiwa. Lakini ni nani atakayelipa fedha nyingi kiasi kile kwa mawe machache na mchanga? Kila mtu alijua kinachouzwa. Mnunuzi alijua, muuzaji alijua, na sisi wathamini tulijua pia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali la mzee. Nilimwambia kwamba thamani ya mahali pake si yake, kwa kuwa imeletwa na jamii: imeletwa na Barabara ya Morogoro, na shule hii, na hospitali ya Tumbi, na ofisi za mkoa. Na kwa kweli kanuni hiyo ni ya haki. Yeye hakuijenga barabara. Lakini kama thamani ni ya jamii, basi ilipaswa kwenda kwa jamii. Ilikwenda wapi? Haikwenda kwa mzee, wala haikwenda Hazina. Ilikwenda kwa mtu wa katikati, aliyepewa kiwanja kwa bei ya ada na kukiuza kwa bei ya soko. Mwenye mikorosho tulimsomea kanuni ya ujamaa. Mwenye hati tukamwachia soko.

Sheria imebadilika tangu wakati huo, na ni lazima niseme hivyo ili nisiwadanganye. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ambayo ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko ya watu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay iliyotoka Mkoa wa Arusha, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo tu. Ikaja Sera ya Ardhi ya mwaka 1995, halafu Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hizo zinasema wazi kuwa maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba anayenyang'anywa alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zikaagiza thamani ya soko itumike, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Yule mzee angetwaliwa shamba lake baada ya hapo, mahali iliposimama miti pangehesabiwa. Lakini mzee hakufika huko. Alifariki kabla ya sheria hizo.

Je, mambo yamekwisha? Hayajakwisha, na ninyi vijana mnaishi katikati yake. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, na mwaka 2017 tuliona nyumba nyingi zikibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya, watu wakiambiwa kwamba wamo ndani ya hifadhi ya barabara na hawastahili fidia. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na ina vituo Soga na Ruvu. Kwala kuna bandari kavu. Kila mahali hapo bei ya ardhi inapanda, na watu wanatoka mjini na fedha mfukoni kuwatafuta wazee. Siku hizi mzee hahitaji kunyang'anywa. Anauza mwenyewe, ekari kwa ekari, kwa bei ya jana, kwa mtu anayejua bei ya kesho. Mimi nasema hata haya ni matokeo ya kutokujibu swali lile lile.

Na upande wa jamii bado tunapoteza. Mtu aliyejenga nyumba anakatwa kodi ya majengo katika umeme wake tangu mwaka 2021. Jirani yake aliyeacha kiwanja kuwa kichaka, akingoja kipande bei, hana jengo, kwa hiyo kodi hiyo haimgusi; analipa pango la ardhi tu, kama analipa. Tunamtoza anayejenga na kumbembeleza anayengoja. Wale Waingereza wa mwaka 1947 wangelitambua tatizo hilo mara moja.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba Mwalimu alikosea na soko ndilo sahihi. Hofu aliyoieleza mwaka 1958 naiona ikitimia nikisimama pale Maili Moja na kutazama. Kosa letu ni kwamba tulikataa kuipa ardhi thamani kwenye daftari, wakati thamani ilikuwapo ardhini. Kitu ambacho hakikuandikwa ndicho rahisi kuibiwa.

Kwa hiyo nawaachia mambo mawili. La kwanza, mkienda likizo, waulizeni wazee wenu kama shamba la ukoo lina mipaka inayojulikana, na kama kijiji kimewapa hati ya kimila. Wasomeeni karatasi kabla hawajaweka dole gumba. La pili ni kwa wale watakaokuwa maofisa. Shule hii ilianzishwa kwa mkataba wa mwaka 1963 na nchi za Nordiki, ikakabidhiwa mikononi mwetu mwaka 1970, ili itoe watu wa kulitumikia taifa. Siku mtakapopewa daftari na kupelekwa kwa mzee, sheria mtaijua kuliko yeye. Lakini akiuliza swali, liandikeni. Msikimbilie kumjibu kwa yale mliyofundishwa, kama nilivyofanya mimi. Inawezekana anauliza jambo ambalo sheria bado haijalifikia.

Miaka mitatu iliyopita nilipita mahali pale. Mkorosho mmoja bado upo, ndani ya ua wa nyumba ya ghorofa. Mlinzi akaniuliza kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana, nilikuwa nahesabu tu.