Kiumbe asiye na jina hana mtetezi



Wapo watu ambao wakisikia kwamba mtaalamu amekesha msituni akimtafuta chura, hucheka. Huuliza: chura huyo ataongeza gunia gani la mahindi ghalani? Swali hilo si la kudharauliwa, maana huulizwa na watu wanaoijua thamani ya jasho. Lakini jibu lake limo katika korongo moja la milima ya Udzungwa, na ni jibu lililoligharimu Taifa.

Mto Kihansi uliposhuka kutoka milima hiyo ulianguka kwa kishindo na kutawanya rasharasha usiku na mchana, hata majani ya chini ya maporomoko yakawa yamelowa mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza, wachunguzi wa mazingira walimwona humo chura mdogo wa rangi ya manjano, ambaye hata akikomaa hafiki milimita 30. Chura huyo hatagi mayai majini. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika. Makao yake yote yalikuwa kiasi cha hekta mbili tu. Hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani.

Lakini kumwona kiumbe si kumtambulisha. Mtaalamu hana budi kupima mwili na miguu, kutazama vidole na ngozi, kusikiliza mlio, na kumlinganisha na vielelezo vya jamaa zake wote vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Siku hizi hupima pia vinasaba. Kisha huteua kielelezo kimoja kiwe msingi wa jina, huandika maelezo, na kuyachapisha ili wataalamu wenzake wayahakiki. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka. Ndivyo walivyofanya Poynton, Howell, Clarke na Lovett, na mmoja wao, Kim Howell, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maelezo yao yalitoka mwaka 1999, na chura akaitwa Nectophrynoides asperginis, neno la pili likitokana na Kilatini kwa maana ya rasharasha.

Jina lilipatikana, lakini saa ilikuwa imekwenda. Kufikia mwaka 2000 mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ilikuwa ikifanya kazi, na sehemu kubwa ya maji ya mto ilikuwa imeelekezwa huko. Rasharasha ilipungua mno. Vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na vinyunyizio vikafungwa korongoni ili kuiga kazi ya maporomoko. Katikati ya mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba korongo lilikuwa na vyura wapatao 20,000. Baada ya miezi michache tu walikuwa karibu wote wametoweka, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukawa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe.

Ndugu, funzo la Kihansi si kwamba umeme ni adui wa msitu. Hospitali zahitaji mwanga, viwanda vyahitaji nguvu, na shule zahitaji taa. Funzo ni kwamba mambo yalikwenda kinyume cha utaratibu: ujenzi ulitangulia, ujuzi ukafuata. Mtumishi wa umma anafahamu vyema kwamba jambo lisilo na jina halina faili, na lisilo na faili halijadiliwi kikaoni. Mpango ulipokuwa ukitayarishwa, hakuna mtu angeweza kumtetea chura wa Kihansi, kwa kuwa katika vitabu vya elimu hakuwapo. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Vinyunyizio, safari za ndege na miaka ya matunzo ndio ukuta uliojengwa.

Tena jambo hili lina sura ya historia. Mwaka 1905, nchi ilipokuwa chini ya ukoloni wa Wajerumani, mtaalamu Gustav Tornier wa Berlin alieleza chura mmoja wa nchi hii azaaye watoto hai. Kwa muda wa miaka 120 vyura wa milima mbalimbali waliwekwa chini ya jina hilo moja. Mwaka 2025 wataalamu, akiwamo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitumia vinasaba vya vielelezo vya zamani vya makumbusho pamoja na uchunguzi mpya, wakathibitisha aina tatu zilizokuwa hazijatambuliwa. Majina yake ni luhomeroensis, uhehe na saliensis, yaani Luhomero, Uhehe na Sali. Elimu iliyoanza kwa kuchukuliwa na kupelekwa mbali sasa inataja mahali kwa majina ya wenyeji, na Mtanzania ni miongoni mwa wanaotoa majina hayo.

Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea katika elimu. Taifa haliwezi kupanga vema matumizi ya mali lisiyoijua, wala halipaswi kungoja mgeni aje kulihesabia kilichomo katika misitu yake.

Basi mwalimu anayefundisha karibu na msitu awatoe wanafunzi darasani, awafundishe kusikiliza milio ya usiku, kuandika tarehe na mahali, na kuwauliza wazee majina ya viumbe katika lugha zao. Naye ofisa anayeletewa mpango wa barabara, bwawa au shamba kubwa aulize kabla ya kutia sahihi: je, mahali hapa pamechunguzwa, na ni nani aliyepachunguza? Swali hilo ni fupi. Lingeulizwa mapema Kihansi, mpango wa maji na mpango wa uhai ungeandikwa pamoja, katika faili moja.