PIKIPIKI KUUKUU: BEI YA KUNUNUA, BEI YA KUUZA, NA MWIZI ALIYE KATI YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ifakara)



Kamati ilituagiza sisi watu watatu tuseme nanyi habari za pikipiki kuukuu za bei ndogo, kwa kuwa katika chama chetu ni wachache sasa wasiokuwa nayo, au wasiotamani kuwa nayo. Hatukuchaguliwa kwa sababu ya ujuzi. Mmoja katika sisi alipata hasara, na wawili waliobaki walikuwapo alipoipata. Basi tumeona ni afadhali hasara ya mmoja iwe elimu ya wengi kuliko ifichwe kwa haya.

Faida za pikipiki katika bonde hili hazihitaji maneno mengi. Toka Kidatu na Mang'ula hata Mlimba, na ng'ambo ya mto hata Lupiro, Mahenge na Malinyi, mwalimu, mganga, bwana shamba na karani wote huenda kazini kwa pikipiki, na vijana wetu wapata riziki kwa kuchukua abiria. Wengi wetu hununua pikipiki kwa mkopo wa mshahara, tukampa kijana aendeshe na kutuletea hesabu ya kila siku. Kwa hiyo pikipiki si chombo cha safari tu. Ni akiba yetu, na akiba yatupasa kuijua itakuwa kiasi gani siku tutakapoitaka tena.

Jambo la kwanza, ndugu, ni thamani ya kuuza. Watu wengi wanaponunua huuliza bei moja tu, yaani bei ya leo. Lakini gharama ya kweli ni bei uliyonunulia, ukaondoa bei utakayouzia, ukaongeza matengenezo. Pikipiki ambayo vipuri vyake vyapatikana katika kila duka, na kila fundi wa chini ya mwembe aijua injini yake, kama vile Boxer na TVS, huuzika upesi hata ikichakaa. Pikipiki ambayo jina lake halijulikani huwa rahisi siku ya kununua, lakini siku ya kuuza hugeuka mzigo, maana mnunuzi naye huuliza: kipuri chake nitakipata wapi?

Tena thamani hutegemea kazi iliyofanywa na chombo. Huku kwetu pikipiki hubeba magunia ya mpunga, na mzigo huo hupinda fremu na kuua shokomzoba za nyuma. Hupita pia katika maji ya masika. Kwa hiyo kabla ya kununua, mtazame ikienda mbele yenu, mkisimama nyuma yake: gurudumu la nyuma lifuate njia ya gurudumu la mbele. Mwambieni fundi achomoe kipimo cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, jueni ya kuwa maji yameingia ndani ya injini. Iwasheni ikiwa baridi, wala msikubali kuikuta imekwisha kupashwa moto kabla hamjafika, kwani injini yenye ugonjwa hujificha katika joto. Majira nayo yana neno. Baada ya mavuno ya mpunga wanunuzi huwa na fedha, na katika masika wenye shida ya fedha ndio huuza. Mwenye subira hununua wakati wa matope na kuuza wakati wa mavuno.

Sasa twafika kwenye jambo la pili, nalo ndilo lililotuleta hapa: kadi. Sokoni mtasikia pikipiki mbili zinazofanana, moja ina kadi yake halisi, nyingine ina nakala tu, au haina kitu. Ile ya pili hupunguzwa bei sana, na moyo wa mtu hutamani. Haya, tufanye hesabu kama makarani. Tuseme yenye kadi ni shilingi 1,400,000, pamoja na gharama za kuihamishia jina lako, na isiyo na kadi ni shilingi 800,000. Mtu aona ameokoa 600,000. Lakini baada ya miaka miwili ile ya kwanza, ikitunzwa, huenda ikauzwa 900,000, na hasara yako ni 500,000. Ile ya pili, kwa kuwa wewe nawe huna kadi ya kumpa mnunuzi, huenda ikauzwa 350,000, na hasara yako ni 450,000. Basi akiba yote uliyopata katika miaka miwili ni shilingi 50,000. Na kwa shilingi hizo 50,000 umebeba kila siku hatari ya kupoteza zote 800,000, na heshima yako pamoja nazo.

Hiyo si hofu ya maneno. Sheria ya mauzo ya bidhaa yasema mnunuzi hapati haki iliyo kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Mwizi hakuwa na haki, wala wewe uliyenunua kwake huna, hata ukiwa ulilipa kwa moyo safi. Tena Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 311, humshika apokeaye mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Hebu fikirini: pikipiki nzima, bei ya nusu, bila kadi, na muuzaji ana haraka. Je, mbele ya hakimu hutaambiwa ya kwamba sababu ya kuamini ilikuwapo?

Mwenzetu huyo, ambaye ni mmoja wa sisi tunaosema nanyi, alinunua kwa namna hiyo. Muuzaji alileta nakala ya kadi, akasema kadi yenyewe iko kwa ndugu yake, na kwamba ana mgonjwa anayehitaji fedha. Maneno ya mgonjwa yalimlainisha mwenzetu. Fedha alizitoa katika mkopo wa mshahara. Mwezi wa tatu kijana aliyeiendesha akasimamishwa na askari katika wilaya nyingine. Nambari ya fremu ilionekana kuwa imepigwa tupa, lakini nambari ya injini ilisalia, nayo ilikuwa katika taarifa ya wizi. Kijana alilala kituoni siku mbili kwa kosa lisilo lake. Mwenzetu alikwenda kujieleza, akaulizwa hati ya mauziano, hakuwa nayo. Akaulizwa jina la muuzaji, alijua jina moja tu.

Kisha mwenye mali akaletwa, na kadi yake mkononi. Sisi tuliomsindikiza mwenzetu tulidhani tutamwona tajiri. Tukamwona kijana mwenye kovu kichwani. Alikuwa amechukua abiria wawili jioni, wakampiga katika njia ya mashamba, wakamwacha hapo. Pikipiki ilikuwa bado ina deni. Mwenzetu hakusema neno juu ya fedha zake tangu saa ile. Alisema tu, tuliporudi nyumbani, ya kwamba bei ile rahisi alilipwa mtu aliyempiga yule kijana, na mlipaji ni yeye. Makato ya mkopo yaliendelea kutoka katika mshahara wake kwa miezi 18.

Ndugu, twaomba mlishike neno hilo kuliko hesabu zetu zote. Mwizi haibi ili apande, huiba ili auze. Pikipiki inayopendwa sokoni ndiyo inayopendwa na mwizi pia, kwa kuwa vipuri vyake huuzika upesi: rimu huku, tangi kule, injini mahali pengine. Anunuaye bila kadi ndiye mshahara wa mwizi. Tena njia za kukimbilia zimeongezeka. Zamani mwenye kuvuka mto Kilombero hapa Ifakara alingoja kivuko. Daraja la mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018 na kuitwa Daraja la Magufuli, limetuletea heri kubwa sana, lakini laweza kumpitisha mwema na mwovu, usiku na mchana.

Basi yatupasa kufanya nini? Tumeandika mambo sita, nayo yafaa kubandikwa ukutani.

Kwanza, usinunue ila kwa kadi halisi. Linganisha na kadi ile nambari ya fremu, iliyopigwa shingoni mwa chombo, na nambari ya injini. Ukiona alama za tupa, au rangi mpya mahali hapo tu, ondoka.

Pili, jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, naye aonyeshe kitambulisho chake. Akisema aliinunua kwa mwingine, huyo mwingine naye aje.

Tatu, andikeni hati ya mauziano mbele ya mashahidi, na malipo yafanywe kwa benki au kwa simu, ili yaache alama. Kisha nendeni Mamlaka ya Mapato mkahamishe jina bila kukawia. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi ambao kazi yetu ni daftari, itakuwa aibu gani tukiibiwa kwa kukosa daftari?

Nne, msidanganyike na bima ndogo. Bima ile hulipa madhara ya mtu mwingine, wala hailipi pikipiki iliyoibwa. Asiyeweza bima kubwa na ajiwekee akiba: shilingi 40,000 kwa mwezi hufika 960,000 katika miezi 24. Hata chombo kikiibwa siku ya mwisho, mwenyewe hakuanguka.

Tano, ilindeni. Swichi ya pikipiki kuukuu hulegea hata ufunguo mgeni ukaingia, na kufuli ya usukani huvunjika kwa teke. Tieni mnyororo mnene katika gurudumu na fremu, mkaufunge penye nguzo isiyong'oka. Fundi aweza kuweka swichi ya siri ya kukata umeme kwa gharama ndogo. Usiku chombo kilale ndani ya nyumba.

Sita, nalo ni kubwa, ni juu ya vijana wetu. Baadhi yetu huandika katika mkataba kwamba pikipiki ikiibwa mwendeshaji atalipa yote. Maneno hayo ni ya hatari. Kijana aliyefungwa na maneno hayo, akitishwa kwa panga usiku, hatatoa ufunguo. Atapigania chombo cha bei ya mtumba kwa roho isiyo na bei. Twashauri mkataba useme wazi: akinyang'anywa kwa nguvu, aache, akimbie, akatoe taarifa kituoni, wala hatadaiwa. Akiiacha bila kuifunga kwa uzembe, hapo ndipo pana hesabu kati yenu.

Mwisho, twapendekeza kamati ifungue daftari moja la chama, ambamo kila mwanachama ataandika nambari za fremu na injini ya pikipiki yake. Ikiibwa, nambari zipelekwe siku ile ile polisi, kwa mafundi, na katika kila kijiwe toka hapa hata Mlimba na Mahenge. Daftari halina gharama ila kalamu na uaminifu. Mwenzetu amesema yeye yu tayari kulishika, na ukurasa wa kwanza amekwisha kuuandika: ni nambari ya injini ya pikipiki ile aliyoirudisha kwa mwenyewe.