Silaha Yako Inalala Wapi?

Leo nina neno na wafanyabiashara wa mjini: wa Kariakoo, wa Mnazi Mmoja, wa Kisutu, na wewe wakala wa forodha unayeshinda bandarini na ofisi yako iko barabara ya Sokoine. Nasema na wewe unayemiliki bastola kihalali. Kibali unacho, ada umelipa, jina lako limo kwa Msajili wa Silaha. Nikuulize jambo moja. Sasa hivi, wewe umekwama kwenye foleni ya Jangwani unanisikiliza, hiyo bastola iko wapi?

Nimeingia maduka mengi ya mitaa ya Kongo na Sikukuu, na jibu nimeliona. Iko kwenye droo ya kaunta, chini ya vitabu vya risiti, imelala na chaja ya simu na kikokotoo. Droo ina kufuli, ni kweli. Ila ufunguo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda. Kijana wa dukani anajua, na kuli anayeingiza marobota naye anajua. Kama haiko dukani, basi iko nyumbani, Upanga, ghorofa ya tatu, juu ya kabati ndani ya begi la safari. Mama watoto anajua ilipo. Dada wa kazi anajua. Na yule mtoto wa miaka tisa unayedhani hajui chochote, huyo ndiye anayejua zaidi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haikuishia kusema nani aruhusiwe kumiliki. Inamtaka mmiliki aitunze silaha yake mahali salama. Huko nyuma, Aprili 2004, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogondogo, na utunzaji salama umo ndani yake. Kwa hiyo maandishi tunayo. Kinachopwaya ni utekelezaji. Mlolongo wa kuomba kibali unaanzia serikali ya mtaa, unapanda hadi wilayani na mkoani, na njia nzima anachunguzwa mtu. Ana akili timamu? Ana rekodi ya uhalifu? Majirani wanamsemaje? Ni maswali ya lazima, siyapingi hata moja. Lakini mtu mwema kabisa anaweza kuwa na droo mbovu.

Wengi mnakumbuka uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 hapa Dar es Salaam, mpaka Rais Magufuli mwenyewe akahakiki za kwake. Lilikuwa zoezi jema. Hata hivyo, bunduki iliyoletwa kituoni na kuwekwa mezani inakuonyesha namba yake na hali yake. Haikuonyeshi usiku wa jana ililala wapi.

Na mji huu, kuliko mwingine wowote nchini, umeshafundishwa somo la ghala. Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye kambi ya jeshi Mbagala. Februari 2011 yakalipuka tena, Gongo la Mboto, zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha, na maelfu wakakimbia usiku hadi wengine wakakusanyika Uwanja wa Uhuru, watoto hawajui wazazi wao wako wapi. Kisha Julai 2015, Stakishari. Majambazi walivamia kituo cha polisi usiku, wakaua askari na raia, wakaondoka na bunduki za kituo. Kama kituo chenye askari wa zamu kinaweza kuporwa, hiyo droo yako yenye ufunguo nyuma ya kalenda itamzuia nani?

Najua utakachonijibu, maana nimeambiwa mara nyingi na watu ninaowaheshimu. "Ndugu mtangazaji, jambazi akiingia, nimwambie asubiri kwanza nifungue sefu?" Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayefunga mauzo ya siku jioni ana haki ya kuogopa. Lakini tuangalie vizuri. Kama umeibeba kwa ajili ya ulinzi, basi iwe mwilini mwako, chini ya mkono wako, na wewe uwe macho na hujalewa. Ukiivua, iingie kwenye kasha la chuma lililofungiwa ukutani au sakafuni, risasi zikae peke yake, na ufunguo ukae na wewe. Silaha haina mahali pa tatu. Droo, godoro, dashibodi ya gari, begi la safari, hapo silaha haimlindi mtu yeyote. Inamsubiri wa kwanza kuifikia.

Wa kwanza huyo anaweza kuwa mwizi. Anaweza pia kuwa wewe mwenyewe saa ambayo hasira imekupanda. Oktoba 2021 ugomvi wa baa Sinza uliishia kwa risasi na mauti. Mei 2022 huko Mwanza mwanamke aliuawa kwa risasi na mumewe. Sitasema kasha lingewaokoa, kwa sababu kasha halimzuii mwenye ufunguo. Ila linamchelewesha, na hasira nyingi za nyumbani hazimalizi dakika kumi.

Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2000, anayeomba kibali lazima awe na kasha la kiwango kilichowekwa, na polisi huenda kulikagua. Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, imeanza kuwafikia wazazi. Novemba 2021, huko Oxford, Michigan, kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku chache kabla. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na wakafungwa miaka 10 hadi 15.

Na kampuni za ulinzi zisijifiche. Pita Samora asubuhi, wakati wa kubadilishana lindo, utaona bunduki imeegemezwa ukutani mlangoni pa benki huku mlinzi anakunywa chai na chapati mkono wa pili. Mlinzi huyo amekesha, na mshahara wake sote tunaujua. Simlaumu yeye. Namlaumu mwajiri aliyempa bunduki bila kumpa mahali pa kuiweka.

Ombi langu kwa Jeshi la Polisi na Msajili wa Silaha ni hili: mtu asipewe kibali, wala asihuishiwe, kabla askari hajafika dukani au nyumbani kwake akaliona kasha kwa macho na kulifungua. Na wewe mwenye bastola, usingoje askari. Leo ukifika, itoe risasi, ifungie, na ule ufunguo wa kwenye msumari uutoe. Kama huna kasha, kesho asubuhi ipeleke kituoni, uombe ihifadhiwe huko mpaka utakapolipata.