MAZUNGUMZO KUHUSU MAKTABA YA UMMA NA MILANGO YAKE
(Yaliyotolewa kwa watumishi wa umma na wakazi wa Kata ya Singe, Babati)



Nitazungumzia jengo moja la Nairobi, kwa kuwa historia yake inatufundisha sisi tulio mbali na miji mikuu.

Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, kwa kusaidiwa na fedha za Carnegie. Ni jengo la fahari: ngazi pana, safu ya nguzo ndefu mbele, na simba wawili wa mawe wakilinda mlango. Mjenzi alikusudia elimu ionekane kuwa kitu cha heshima, naye alifaulu.

Lakini ndugu zangu, hadi mwaka 1958 waliopanda ngazi zile kusoma ni Wazungu peke yao. Mwafrika alipita nje akiwatazama simba. Ndipo Baraza la Jiji lilipoishika, na baadaye matawi ya Kaloleni na Makadara yakawasogezea wakazi vitabu. Tangu mwaka 2018 shirika la Book Bunk, kwa kushirikiana na Kaunti ya Nairobi, limekuwa likiyafufua majengo hayo.

Kwetu Tanganyika, sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru. Siku hiyo haikuchaguliwa bure: kusoma kulihesabiwa kuwa sehemu ya kujitawala.

Kwa hiyo, siku tutakapokaa kupanga chumba cha kusomea, hata kiwe cha matofali na bati, tusianze na nguzo. Tuanze na maswali haya: Mkulima atokaye shamba jioni atakikuta wazi? Mwenye ulemavu wa miguu atapanda vipi? Mtoto asiye na sare ataruhusiwa? Nani atalipia taa, na nani atatunza daftari la kuazima vitabu?

Jengo zuri lenye mlango uliofungwa ni ukuta tu. Naomba kila mmoja wetu alitafakari hilo kabla ya kikao kijacho cha kata.