Hesabu ya reli: kilometa ya nani inahesabiwa?

Mumeniomba niongee juu ya reli kwa sababu nilisoma ujenzi (kazi bado hakuna, lakini hiyo tuiache). Kutakuwa hesabu kidogo, musikimbie.

Reli ya SNCC iko na zaidi ya kilometa 3,600: Sakania, Lubumbashi, Tenke, Kamina, mpaka Ilebo, Kindu na Kalemie. Mwezi wa tatu 2022, treni ya mizigo iliyobeba na watu ilianguka Buyofwe, kule Lualaba. Watu 75 walikufa. Treni ikianguka, sababu zinaweza kuwa nyingi: breki, mwendo, mzigo, mlima. Lakini njia yenyewe inachoka polepole, na mtu anaweza kuipima mbele ya ajali.

Inachoka namna gani? Kila treni ikipita inasukuma kokoto. Mvua inaingiza udongo katikati, maji hayatoki tena, traversi zinakaa ndani ya matope, reli inaanza kuinama. Ukishindilia kokoto, njia inanyooka, ila kila mara unazivunja kidogo. Dawa hiyo hairudiwi milele.

Wahandisi wanafanya hivi: wanagawa njia kilometa kwa kilometa, kila moja wanaipa hali yake: nzuri, imechoka, mbaya. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuko na kilometa 100 nzuri. Kila mwaka, 10 kwa 100 ya zile nzuri zinachoka, na 20 kwa 100 ya zilizochoka zinakuwa mbaya. Hakuna anayegusa kitu. Kisha miaka 5 tunabaki na nzuri 59, zilizochoka 26, mbaya 15.

Sasa pesa inafika. Tuseme kila mwaka inatosha kutengeneza kilometa 3 mbaya, ao 9 zilizochoka, maana ile mbaya inaomba traversi na vyuma vipya, ile iliyochoka inaomba kokoto na mitaro ya maji. Viongozi watachagua zile 3. Kuna utepe wa kukata, kuna picha. Na miaka 2 ya kwanza hesabu inawapa haki kweli: mbaya zinakuwa chache kidogo kuliko kama wangeshika zile 9. Mwaka wa 3 zinalingana. Mwaka wa 4, yule wa picha yuko na mbaya 24 na nzuri 48. Yule wa kokoto na mitaro yuko na mbaya 23, na nzuri 67. Pesa ni ile ile. Lakini nani kati ya wakubwa wetu anakubali kuonekana ameshindwa miaka 2, uchaguzi unakaribia?

Na hapa tusidanganyane: njia ya pili iko na uchungu wake. Zile mbaya unaziacha, treni inapita polepole kabisa ao haipiti. Kuna watu wanaishi pale.

Ndiyo maana mimi nauliza: kwenye hesabu tunaweka nini? Leo kila mtu anaongea Lobito, shaba na kobalti kutoka Kolwezi kupitia Dilolo mpaka bahari ya Angola. Sikatai, iende. Lakini ukihesabu tani za madini peke yake, kilometa ya Kindu itapoteza kila mwaka, daima, na ordinatere itasema ni sawa. Mama wa Kongolo anayengoja chumvi na sabuni hana tani za kuonyesha. Ordinatere haikuchagua hivyo. Mtu aliiambia ihesabu hivyo, na hatujamuona.

Tunaomba jedwali moja, hata la karatasi: kila kilometa, hali yake, siku ilipopimwa mara ya mwisho, mwendo unaoruhusiwa pale. Libandikwe kwenye kila gare, watu wasome mbele ya kupanda. Na bajeti ya matengenezo ikipangwa, waandike wamehesabu nini: tani, watu, ao vyote viwili.

Hesabu niliyowaonyesha inaingia kwenye ordinatere ya kawaida. Kisha mkutano nitabaki hapa, anayetaka kujifunza aje na kalamu.